Gari Linaishia Wapi?

Juzi alinipigia mama mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, anahama na anataka tumbebee vitu. Nikamuuliza anahamia wapi, akasema hapo hapo Igogo, nyumba iliyo juu kidogo ya ile anayokaa sasa. Ukisimama mlangoni kwake unaiona. Nikamtuma kijana wangu akaitazame njia, na jioni nikampa bei. Simu ikakaa kimya. Halafu akaniambia kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto hesabu: "Mwanangu, hapo si mbali. Mdogo wangu umemtoa Nyegezi ukampeleka Kisesa kwa pesa pungufu ya hiyo."

Ni kweli, nilimpeleka. Nyegezi mpaka Kisesa ni kulivuka jiji zima: unaiacha barabara ya Shinyanga, unashika ya Musoma, unaipita Igoma, na ukifika umeshatoka Nyamagana uko wilaya ya Magu. Na bado kazi ile ilikuwa nyepesi kuliko mita mia mbili za Igogo. Swali la huyu mama, kwa nini karibu ni ghali kuliko mbali, tunaulizwa kila mwisho wa mwezi, na kwenye simu sipati muda wa kulijibu vizuri kwa sababu nyuma yangu kuna mtu anauliza godoro liwekwe wapi. Kwa hiyo nalijibu hapa.

Sisi kazi yetu ni kuhamisha watu. Tuna kirikuu mbili (vile vigari vidogo vya mizigo), Kenta moja ya kukodi inapohitajika, na vijana sita. Kilomita kwetu ni mafuta, na mafuta yana hesabu yake inayojulikana. Kinachopandisha bei ni pale gari linapozimwa. Kuanzia hapo kila kitu chako kinakwenda kwa bega la mtu.

Mwanza haikuachiwa tambarare nyingi. Kipande kilichopo kati ya milima na ziwa kilishachukuliwa zamani na reli, bandari, masoko na maduka, na watu waliotaka kukaa karibu na kazi wakapanda juu. Ndiyo maana ukitazama Igogo, Bugarika, Mabatini au Isamilo kutoka chini unaona nyumba zimeshika mawe kama kuku waliolala mtini. Nyingine ukuta wake wa nyuma ni jabali lenyewe, mwenye nyumba hakujenga, aliliegemea tu. Wageni wanapiga picha. Sisi tunaangalia njia: ina upana gani, ina ngazi au mawe yaliyopangwa tu, na kona iliyo karibu na bomba la jirani ina nafasi ya kugeuza kabati?

Nikupe mfano wa friji. Si kubwa, ile ya milango miwili ya kawaida. Kuipandisha mlimani wanahitajika watu wanne, na si kwa sababu ya uzito. Wawili wanabeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, kamba imepita chini ya friji ikazunguka mabega yao. Wa tatu anatangulia akitaja njia: "jiwe linacheza hilo, weka mguu kushoto, shuka, simama." Wa nne anakuja nyuma mikono mitupu, naye ndiye atakayepokea yule wa chini akilegea. Wateja wengi humwangalia huyu wa nne wakadhani amekuja kutembea. Kila baada ya ngazi kumi na tano wanaiweka kwenye jiwe bapa, wanapumua, wanabadilishana. Mama wanaoteka maji wanapita na ndoo kichwani, wanasema poleni, na wanaendelea kupanda bila kushika ukuta. Friji ikifika juu inasimama wima masaa kadhaa kabla ya kuwashwa, maana njiani imelazwa na kuinamishwa mara nyingi. Hilo tunamwambia kila mteja, na kila mwezi yupo anayeiwasha papo hapo ili aone kama tumeiharibu.

Kabati la nguo la milango mitatu ni hadithi nyingine. Lile la kufungua kwa skrubu tunalifungua chini, tunapandisha mbao, tunalifunga juu. La fundi seremala lililogongwa misumari na gundi halifunguki. Mwaka jana tulifika nalo kwenye uchochoro wa Mabatini, likakwama kati ya ukuta na jabali, na nyuma yetu watu wakapanga foleni wanataka kwenda kazini. Mwenye kabati, baba wa makamo, alilitazama muda, akaenda kuazima msumeno kwa jirani. Alilikata mwenyewe. Hakutaka sisi tulikate.

Basi ndiyo maana, mama yangu wa Igogo, bei ikawa ile. Gari letu lingesimama barabarani chini, vitu vyako vishuke kwanza kutoka unakokaa, au vikatize kwa ile njia ya mawe, kisha vipande tena. Gari lenyewe halihitajiki kabisa. Unalipia mabega.

Sasa nitoke kwenye bei yetu kidogo, kwa sababu baada ya miaka ya kuwahamisha watu nimeona swali letu moja la kazini linamsaidia zaidi mpangaji kuliko linavyotusaidia sisi. Dalali akikuonyesha nyumba, kabla hujauliza kodi, muulize gari linaishia wapi. Lolote. Si la kuhamia tu.

Gari la kunyonya maji ya chooni linafika? Lisipofika, shimo likijaa utajua mwenyewe. Ndiyo sababu kwenye baadhi ya mitaa ya milimani, Igogo na Mabatini ikiwemo, ilibidi zijengwe bomba ndogo za majitaka zinazoteremka kwenye nyumba hadi bomba kubwa. Uliza kama nyumba unayoonyeshwa imeunganishwa au iko jirani tu na iliyounganishwa. Boza la maji linafika? Mlimani maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, lazima yasukumwe kwa pampu kutoka ziwani kwenda kwenye matangi ya juu ndipo yashuke kwako, na umeme ukisumbua au bomba likipasuka wa juu ndio wa kwanza kukauka. Utakaa na ziwa dirishani, kubwa mpaka macho yanachoka, na bomba linakoroma. Bajaji inafika? Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane usiku, umbali kutoka mlangoni hadi bajaji inapoishia ndio umbali wa kwenda hospitali. Bugando yenyewe unaweza kuwa unaiona taa zake.

Sisemi mlimani kubaya. Nimezaliwa Bugarika. Upepo upo, mbu wachache, mjini unatembea kwa miguu na nauli inabaki mfukoni. Nasema hesabu iwe kamili.

Wengi wanaochoka na ngazi hukimbilia pembeni ya mji, na huko ndiko kirikuu zetu zinakokwenda siku hizi: Buswelu, Nyasaka, Kiseke, Nyakato kwa ndani, Buhongwa, na wanaosogea zaidi, Kisesa na Usagara. Buswelu, Nyasaka na Kiseke ziko Ilemela, na Ilemela ilitengwa na jiji ikawa manispaa mwaka 2012, na sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya laki tano, kwa hiyo ukisema unahamia pembeni ya mji ujue unahamia kwenye mji mwingine. Makao ya manispaa yako Buswelu, lami kutoka Sabasaba kupitia Kiseke mpaka Buswelu ipo, kiwanja cha ndege kiko huko, stendi ya mabasi ya Nyamhongolo iko huko. Mtu anayepanga Ilemela na kufanya kazi Ilemela amefanya akili. Anayepanga Buswelu na duka lake liko Makoroboi, katikati ya jiji, ndiye nataka tukae naye dakika mbili.

Tuseme mjini ulikuwa unalipa 150,000 kwa mwezi, huku umepata chumba masta na sebule kwa 100,000. Umeokoa 50,000, umefurahi. Nauli ya safari fupi ya daladala ilipandishwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwishoni mwa 2023 kutoka 500 hadi 600. Nyumba ikiwa kwenye lami na gari ni moja, kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 26 za kazi ni 31,200. Bado uko na faida. Nyumba ikiwa ya kuunganisha magari mawili, hiyo ni 2,400 kwa siku, 62,400 kwa mwezi, na ile 50,000 imekwisha na imekula na nyingine. Kama kutoka lami kuingia ndani kunahitaji bodaboda, sitaki hata kuhesabu. Na hapo ni mtu mmoja. Mna watoto wawili ambao hamkuwahamisha shule kwa sababu muhula haujaisha? Ongeza.

Huku tambarare, swali la gari lina majibu mawili, na dalali atakupa moja. Kiangazi gari linaingia mpaka barazani. Masika ni habari nyingine. Sehemu za Kisesa na Usagara zina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka ukikauka na kunata kama ugali ukilowa. Kirikuu yetu ililala huko usiku mzima mwezi wa nne, ikiwa na kitanda, meza na mtungi wa gesi wa mteja, hatua kama hamsini kutoka kwenye geti lake. Alikuwa ameonyeshwa nyumba Septemba. Tangu hapo tukipata kazi ya huko wakati wa mvua tunauliza majirani, hatumuulizi dalali, na wala hatumuulizi mwenye nyumba. Muuza genge anajua. Muulize Land Cruiser za wenyewe zinapita wapi mvua ikinyesha, na magari madogo yanaachwa kwa nani.

Tukiwa kwenye mvua: ukionyeshwa nyumba nzuri na ya bei nafuu kuliko nyingine, nayo iko karibu na mto Mirongo, angalia ukutani. Alama ya maji hupakwa rangi lakini chini ya rangi plasta inavimba. Pitisha kiganja.

Nimewaona watu wamelipa miezi sita, wengine mwaka, kwa nyumba waliyoiona mara moja saa kumi na mbili jioni wakiwa wamechoka kuzungushwa. Dalali naye ana haraka yake, analipwa kodi ya mwezi mmoja ukikubali na hela ya kuzungushwa usipokubali. Simlaumu, anatafuta kula, na wapo waaminifu ambao tunafanya nao kazi. Lakini tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, ulinzi wako mkubwa ni ile karatasi ya mkataba, na watu wanaisaini juu ya boneti ya gari letu tukiwa tayari tumefunga mizigo. Hapo huna nguvu ya kujadili chochote, vitanda vyako viko juani na watu wanne wanakusubiri.

Kitu kimoja ambacho tunakishuhudia siku ya kuhamia kuliko siku nyingine yoyote ni ugomvi wa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Mteja anaingia, taa haiwaki, anaambiwa na jirani wa chumba cha pili, "sisi huwa tunachanga." Kumbe mita ni moja, wapangaji wanne. Ukiacha kero ya kuchanga na yule mwenye pasi ambaye kila mwezi hana chenji, kuna hasara isiyoonekana. TANESCO ina bei nafuu kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Familia moja yenye taa, tivii na friji ndogo inaweza kubaki humo. Familia nne kwenye mita moja haziwezi, kwa hiyo mnawekwa kwenye bei ya kawaida ya 292 kabla ya kodi, ile ambayo ukinunua wa 10,000 unapata uniti 28. Mnalipa kama kiwanda kidogo, na kila mmoja wenu ni mtumiaji mdogo.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ya chini. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Mwaka mzima ni 18,000. Wenye nyumba wengi ukiwaambia kwa heshima wanaikata kwenye kodi ya pango bila maneno, ila lazima useme kabla ya kusaini. Nilimsikia kijana mmoja Nyasaka akilifikisha vizuri: "Shikamoo bibi. Hii ya jengo tufanyeje, nikulipie halafu tukatane mwishoni?" Bibi akaitika marahaba, akacheka, akasema hata hajui kama inakatwa. Tukaendelea kushusha makochi.

Turudi kwenye kazi yetu, kwa sababu mnauliza tunapangaje bei. Siku moja au mbili kabla, kijana wetu anakuja kuona pande zote mbili: unakotoka na unakokwenda. Kwa aliye Nyamagana au Ilemela hiyo haina malipo. Anahesabu hatua kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, anahesabu ngazi, anapima milango kwa futi ya fundi, na anaandika vitu vikubwa vitatu au vinne: friji, kabati, kochi la watu watatu, mashine ya kufulia kama ipo. Vidogo hatuhesabu, masufuria ni masufuria. Bei anayokuandikia ndiyo utakayolipa hata tukichelewa. Inabadilika kwa sababu mbili tu: tukikuta vitu ambavyo havikuonyeshwa (kuna mzee alituonyesha chumba kimoja, siku ya siku akafungua stoo, mna injini ya mtumbwi na nyavu za miaka kumi), au mvua ikinyesha na gari likashindwa kufika pale lilipofika siku ya kukagua. Kwenye la pili tunakupigia kabla ya kuwasha gari, uamue tusubiri au tuongeze mabega.

Mlimani hatupandishi wakati mvua inanyesha, na baada ya mvua kubwa tunasubiri mawe yakauke. Si uvivu. Jabali lililolowa linateleza kama sahani yenye sabuni, na friji ikimponyoka mtu kwenye ngazi haimwangukii yeye peke yake, kuna nyumba za watu chini.

Wa Sengerema na Geita, kwenu bei imeshuka. Zamani tulikuwa tunatoza na muda wa kukaa Kigongo kusubiri kivuko, kuna siku tulikula chakula cha mchana na cha usiku pale pale. Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 hiyo foleni tukaifuta kwenye karatasi ya bei. Kilomita tatu, unavuka huku unazungumza, hujamaliza sentensi uko Busisi. Ila nawatahadharisha mnaotaka kupanga Usagara kwa sababu ya njia panda ya kwenda darajani: ni Misungwi, si jiji, na kodi zimeanza kupanda kwa jina la daraja hata kwenye nyumba zilizo ndani kabisa ambako hulisikii wala hulioni.

Kama unahama mwisho wa mwezi, hakikisha anayekuachia nyumba ameshatoka. Si kwamba amesema atatoka. Ametoka, na ufunguo unao mkononi. Tumewahi kusimama Kiseke na mzigo wote juu ya gari tunawatazama wenyeji wakila chakula cha mchana bila wasiwasi wowote. Walikuwa na siku mbili bado kwenye mkataba wao na walikuwa na haki. Ukipata nafasi ya kuhama tarehe tano au kumi, hama. Bei yetu ni ileile, lakini vijana wana nguvu na dalali ana subira.

Mtungi wa gesi ufungwe na regulata itolewe kabla hatujafika. Jiko la mkaa limwagwe majivu usiku uliotangulia, tumeshaunguza godoro mara moja na inatosha. Vyeti, pesa na simu ubebe mwenyewe kwenye begi lako la mgongoni, hata kama unatuamini.

Na kuku tunabeba, kila mtu anauliza. Wafungwe miguu usiku wakiwa wamelala, wawekwe kwenye tenga lenye hewa, wapande gari mwisho washuke kwanza. Ukifika huko wafungie ndani siku tatu au nne kabla ya kuwaachia. Kuna jogoo mmoja wa Nyasaka aliachiwa siku ileile, na jioni mteja ananipigia anauliza kama kwa bahati tumeondoka naye.